Alichosema Fundi Lufeyo

Jumapili, 15 Novemba 2009

Nimenunua madaftari mawili. Moja ni la historia ya parokia. Hili ni langu, na Felesta mke wangu ameahidi hatalifungua.

Leo baada ya misa Bambo Jelasi, bwana aliye mwenyekiti wa kamati ya yubilei, alinishika mkono mbele ya watu wote akatangaza kwamba mimi ndiye nitakayeandika historia ya kanisa letu la Mtakatifu Yosefu. Machi kumi na tisa linatimiza miaka hamsini.

"Nani mwingine?" alisema. "Mwalimu Donasiyo alikuwepo tofali la kwanza lilipowekwa. Yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa Padri."

Akina mama wakapiga vigelegele. Nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu.

Njiani Felesta aliniuliza, "Mbona unatoka jasho hivyo?"

"Joto," nikamwambia. Mvua bado.

Alhamisi, 26 Novemba

Mvua ya kwanza. Kumbikumbi wametoka ardhini kwa wingi, Felesta amekaanga beseni zima, tumekula na nsima, ugali wetu, mpaka tumbo likakataa. Nimeandika kurasa sita: mapadri wa kwanza waliokuja kwa miguu kutoka upande wa ziwa, shule ya paa la nyasi, watu kumi na mmoja waliobatizwa mtoni. Habari hizo hazinisumbui. Sikuwepo.

Jumanne, 8 Desemba

Asubuhi mtu alipiga hodi. Enelesi, yule anayeuza maandazi kwenye lango la soko. Felesta alimpa kiti, akakikataa, akakaa mkekani miguu ameikunja upande mmoja, kama wanavyokaa wanawake waliofunzwa adabu.

"Nimesikia unaandika kitabu cha kanisa, Mwalimu."

"Naandika, mama."

"Baba yangu atakuwamo?"

"Kila aliyefanya kazi atatajwa."

"Sijauliza kila aliyefanya kazi. Nimemuulizia baba yangu."

"Nitaangalia."

"Utaangalia wapi, Mwalimu? Ulikuwepo."

Alimaliza maji aliyopewa, akashukuru kwa kupiga makofi polepole, akaenda zake.

Baba yake ni Lufeyo Dzinkambani, aliyekuwa fundi mkuu wa ujenzi. Januari 1960 ukuta wa mbele wa kanisa ulianguka ukamuua Magileta, mwanamke aliyekuwa akileta maji ya kukandia udongo. Mji mzima unajua kwamba ulianguka kwa sababu Lufeyo alijenga vibaya. Tangu hapo ukoo ule unaitwa "wale wa ukuta". Enelesi alikuwa na miaka mitano. Magileta aliacha mtoto wa miaka mitatu, na mtoto huyo ndiye Bambo Jelasi, mwenyekiti wetu.

Leo sikuandika historia.

Jumatano, 9 Desemba

Mvua. Sikuandika.

Alhamisi, 10 Desemba

Mvua. Nimepanga upya vitabu rafuni.

Jumapili, 20 Desemba

Kamati ilikutana nyumbani kwa mapadri. Nilisoma nilichoandika, wakafurahi. Kisha Jelasi akasema, bila kupandisha sauti, "Ukifika kwenye ukuta, Mwalimu, yule mtu usimtaje jina. Andika 'fundi mzembe'. Inamtosha."

Padri Kalisto, paroko wetu, bado kijana, na hana woga. "Bambo Jelasi, hii ni historia. Si hukumu."

"Padri, wewe ukienda likizo mama yako anakupikia. Mimi wangu nilionyeshwa kaburi."

Wakanigeukia. Ningeweza kusema neno moja tu, lolote. Nilisema, "Mwenyekiti amekwisha sema."

Ijumaa, 25 Desemba

Krismasi. Sikupokea komunyo. Nimemwambia Felesta kwamba tumbo linanisumbua.

Jumanne, 5 Januari 2010

Nimeandika "fundi mzembe". Nimefuta. Nimeandika tena. Karatasi imetoboka.

Jumanne, 12 Januari

Leo ni miaka hamsini kamili, na siku ile pia ilikuwa Jumanne. Mvua imenyesha tangu alfajiri. Nimefunga mlango wa chumba. Nitaandika.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Padri Hendrik alikuwa ametoka Uholanzi miezi minane tu, lugha yetu alikuwa hajaishika zaidi ya salamu na sala. Mimi nilikuwa na Kiingereza cha shule ya misheni, kwa hiyo nikawa mkalimani wake. Popote alipokwenda, nilikuwa hatua moja nyuma yake, na watu walioniona wakati ule walinisalimia kwa heshima ambayo haikuwa yangu.

Askofu alikuwa anakuja siku ya Mtakatifu Yosefu. Padri alitaka awe na kanisa la kuingia. Mvua ilikuwa kama hii. Kila asubuhi nilimpelekea habari mbaya: tanuri limezimika, matofali hayajaiva, vibarua wameenda kupalilia mashamba yao. Siku moja aliniambia, "Donasiyo, kila siku unaniletea hapana. Siku moja niletee ndiyo." Juu ya meza yake kulikuwa na barua ya kuniombea nafasi katika chuo cha ualimu. Ilikuwa imeandikwa tayari. Haikuwa na sahihi.

Ijumaa tarehe nane tulisimama mbele ya ukuta. Ulikuwa umefika juu kabisa, umeegemezwa kwa magogo marefu pande zote mbili. Padri alitaka magogo yale yapelekwe ndani yasaidie kazi ya paa. Akaniambia nimuulize fundi.

Lufeyo aliweka kiganja ukutani, akakaa nacho pale kwa muda, kama mtu anayempima mtoto homa. Kisha akaniambia, "Mwambie Padri ukuta huu umekunywa maji. Magogo yasiguswe mpaka upate wiki tatu za jua. Akiyatoa, mimi simo."

Padri aliuliza, "Anasemaje?"

Nikamwambia, "Anasema ukuta uko imara. Ila anaomba vibarua zaidi."

Padri alitabasamu. Alinipiga bega. Jioni hiyo barua ilipata sahihi.

Nilijipa sababu nyingi. Kwamba Lufeyo alikuwa mtu wa kuzidisha mambo. Kwamba jua lingetoka. Kwamba Jumatatu ningemrudia Padri nimwambie polepole. Jumatatu Padri hakuwa na nafasi, au mimi sikuwa na mdomo. Jumanne asubuhi Lufeyo alikwenda kukagua tanuri ng'ambo ya mto, na Padri akaamuru magogo yatolewe. Mimi ndiye niliyetafsiri amri hiyo. Hiyo niliitafsiri sawasawa.

Ulianguka saa nne. Sauti yake haikuwa kubwa kama watu wanavyosimulia. Ilikuwa kama mtu ameketi chini ghafla. Magileta alikuwa na ndoo kichwani.

Jumatano, 13 Januari

Jana niliweka kalamu chini mahali panaponifaa. Yaliyobaki ni mabaya zaidi.

Serikali ilimtuma karani mmoja, akaandika "ajali", akaondoka. Lakini watu walitaka jibu, na Padri naye alitaka jibu. Siku ya tatu baada ya mazishi alimwita Lufeyo kwenye baraza la nyumba ya mapadri. Wazee walikuwepo, na mume wa Magileta, amembeba mtoto. Padri alikuwa hajalala, macho mekundu. Aliuliza, "Kwa nini hukunionya?"

Nikamtafsiria Lufeyo.

Lufeyo alinitazama mimi, si Padri. Akasema, "Nilionya. Muulize huyu. Maneno yangu aliyabeba yeye."

Wazee walisikia, lakini hawakujua Kiingereza. Padri alisikia, lakini hakujua maneno. Kati yao nilikuwa mimi peke yangu.

Nikamwambia Padri, "Anasema anaomba msamaha."

Padri Hendrik alilia. Alisimama akamwekea Lufeyo mkono begani, akasema kwa Kiingereza kwamba Mungu amemsamehe. Naye Lufeyo, alipoona ule mkono na yale machozi, alidhani ameaminiwa. Uso wake ulilegea. Alinigeukia akaniambia, "Ahsante, mwanangu."

Jumapili ikatangazwa kwamba Lufeyo Dzinkambani ameondolewa kazini kwa uzembe, na kwamba Padri amemsamehe kwa kuwa amekiri. Wazee waliosikia maneno yake barazani walidhani amekwenda kukiri baadaye, faraghani. Lufeyo alikuwa amesimama upande wa wanaume. Alinitafuta kwa macho. Nilikuwa natafsiri mahubiri.

Mwezi uliofuata alikwenda Joni, yaani Johannesburg, machimboni. Mafundi wengine waliletwa kutoka kusini, wakajenga ukuta upya. Padri Hendrik alirudi kwao mwaka sitini na tatu akafia huko, hakuwahi kujua. Mimi nilikwenda chuo.

Jumamosi, 16 Januari

Mvua. Mto umepanda. Felesta aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia hapana. Akasema, "Basi acha kunijibu kama mgonjwa."

Jumanne, 2 Februari

Nimemwambia Felesta.

Alikuwa anachambua majani ya maboga. Hakuacha kuchambua. Nilisema yote, ya ukutani na ya barazani. Nilipomaliza aliuliza, "Barua ya chuo ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Baba yangu alikubali unioe kwa sababu ulikuwa mwalimu. Mkalimani asingempa binti yake."

"Najua."

"Basi na mimi nimekula kwenye ukuta huo. Na watoto wangu." Akakung'uta majani. "Miaka arobaini na sita, Donasiyo. Maandazi ya Enelesi umekuwa ukiniambia nisiyanunue kwa sababu yana mafuta mengi."

Hakunifokea. Heri angefoka. Amepika, amenipakulia, amekwenda kula kwa jirani.

Jumatano, 17 Februari

Jumatano ya Majivu. Baada ya misa nilimfuata Padri Kalisto nikaungama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Umri wake ni sawa na wa mjukuu wangu wa kwanza, nami nilikuwa napiga magoti mbele yake nikimweleza jinsi nilivyomwibia mtu maneno yake.

Aliniondolea dhambi. Kisha akasema, "Mzee wangu, Mungu nimekwisha mwambia. Enelesi nani atamwambia?"

Nikamwambia labda yeye Padri angenifanyia kazi hiyo.

"Hapana," akasema. "Mdomo wa mtu mwingine ndio uliotufikisha hapa."

Jumamosi, 20 Februari

Nimekwenda kwa Enelesi. Anaishi nyuma ya soko, chumba na varanda. Alikuwa anakanda unga. Alinikaribisha kwa adabu zote: kiti, maji, habari za nyumbani. Nilimwambia naomba kusema jambo la baba yake. Akaendelea kukanda.

Nilisema. Nilipofika barazani, pale Lufeyo aliponishukuru, nilishindwa, yeye akanimalizia.

"Akakuambia ahsante, mwanangu."

Nilimtazama.

"Alirudi kutoka Joni mwaka sabini na moja na kifua kibovu," alisema. "Alikuwa hana la kufanya ila kukohoa na kusimulia. Hadithi ilikuwa hiyo moja. Mwanzo alikuwa haelewi. Alisema mzungu ana sura mbili. Baadaye huko machimboni akajifunza Kiingereza kidogo, akaanza kuyageuza maneno kichwani, moja moja. Ndipo akaelewa ni nani."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nimejua tangu nina miaka kumi na sita."

"Na hukusema?"

"Kwa nani, Mwalimu? Binti wa Wale wa Ukuta aseme Mwalimu Donasiyo ni mwongo?" Akafunika unga kwa kitambaa. "Darasa la tano ulinifundisha. Nilikuwa nainua mkono. Mwaka mzima hukuniita hata mara moja. Nilidhani mimi ni mjinga. Baba aliporudi nikajua sababu."

Nilianza kuteremka kitini nipige magoti. Alinishika mkono, kwa nguvu.

"Usinipigie magoti. Mimi siwezi kukuambia yamekwisha, na sitaki unilazimishe. Kule kwako nilikuja kuona kama utaandika mwenyewe. Nenda kwa Jelasi. Mimi nimechoka kupewa mgongo na mtu niliyefiwa naye siku moja."

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba siku ile yeye pia alifiwa, ingawa baba yake alibaki hai. Nilikuwa sijawahi kufikiri hivyo.

Jumapili, 21 Februari

Sikwenda kwa Jelasi.

Jumatatu, 22 Februari

Nilifika mpaka kona ya mashine yake ya kusaga. Nilimsikia akicheka na wateja. Nikarudi.

Jumamosi, 27 Februari

Nimekwenda. Felesta alisimama mlangoni akanitazama mpaka nikapinda kona, kwa hiyo sikuweza kurudi.

Jelasi alinipokea kama siku zote. "Baba," ananiita. Nilikuwa msimamizi wake wa kipaimara. Nilimfundisha kusoma kabla ya umri. Nilimnunulia viatu vyake vya kwanza. Mji mzima umenisifu kwa kumlea yatima yule, nami nimezila sifa hizo.

Nilimwomba tuingie ofisini. Nilimwambia watu wakiwa bado wanasaga nje, na mashine ikawa inanimeza maneno. Akatoka, akaizima, akarudi.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.

Alikaa kitini, unga umemganda kwenye nyusi. Kisha akauliza, na si nililotarajia: "Nilipokuwa darasa la pili nilikuwa namtupia Enelesi mawe. Njiani, tukitoka shule. Uliniona?"

"Nilikuona."

"Uligeukia wapi?"

"Niliingia darasani."

Alitikisa kichwa taratibu. "Nilimpasua hapa," akagusa juu ya jicho lake. "Kovu bado analo. Kila nikimwona sokoni naliona, najiambia, vizuri." Akasimama. "Habari ya ukuta utaisoma wewe mwenyewe. Si kitabuni tu. Kanisani, siku ya yubilei, askofu amekaa na watu wamejaa. Na usiniite mwanangu tena."

Jumatano, 3 Machi

Historia imekamilika. Nilichokuwa nakizunguka tangu Novemba kimechukua ukurasa mmoja na nusu. Padri Kalisto amekisoma kitabu chote, amekipeleka Lilongwe kupigwa chapa.

Jumatano, 10 Machi

Jua kidogo. Mahindi mabichi ya kwanza. Felesta ameniwekea mawili kando ya daftari, hakusema kitu.

Ijumaa, 19 Machi

Kanisa lilijaa mpaka nje. Akina mama wote walivaa vitenge vipya vyenye sura ya Mtakatifu Yosefu. Enelesi naye alikuwa nacho, amekaa safu ya nyuma upande wa wanawake. Askofu aliadhimisha, kwaya ikaimba vizuri kuliko nilivyowahi kusikia. Baada ya komunyo Jelasi alisimama akatangaza historia ya parokia. Hakunitaja jina. Alisema tu, "Aliyeiandika ataisoma."

Nilisoma. Mapadri waliokuja kwa miguu: vigelegele. Ubatizo wa mtoni: vigelegele. Nilipofika kwenye ukuta watu walijiweka sawa kusikia habari wanayoijua. Nikasoma kwamba Lufeyo Dzinkambani alikuwa fundi hodari, kwamba alionya, kwamba mkalimani aligeuza maneno yake, na kwamba mkalimani ni mimi. Nikasoma alichosema: ukuta umekunywa maji, magogo yasiguswe mpaka wiki tatu za jua, akiyatoa mimi simo. Nikasoma ya barazani.

Nilikunja karatasi.

"Mwalimu."

Enelesi alikuwa amesimama. Sauti yake haikuwa kubwa, ila kanisa lote liliisikia.

"Kuna neno umeliacha. Baba alisema mambo manne. Umesoma matatu."

Nilitaka kumwambia anakosea. Nilifungua mdomo nimwambie, na hapo hapo nikalisikia, kwa sauti ya Lufeyo, kiganja chake kikiwa bado ukutani. Sikuwa nimelisahau. Hata katika daftari hili, chumbani peke yangu, mlango umefungwa, nililiacha. Nililijua nilipokuwa naliacha.

"Liseme," Enelesi akasema.

Nikasema, "Alisema, na akina mama wanaobeba maji wasipite chini yake."

Mwanamke mmoja alianza kulia mbele. Jelasi alikuwa amesimama kando ya mimbari, hatua tatu kutoka nilipokuwa.

"Ulimsikia akisema hivyo?" aliuliza.

"Nilimsikia."

"Na mama yangu alipopita na ndoo, ulimwona?"

"Alinisalimia," nikasema.

Askofu aliinuka, akasubiri, akatoa baraka ya mwisho kwa sauti ya chini. Watu walitoka polepole. Walinipita kama maji yanavyopita jiwe, kila mtu akitazama mahali anapoweka mguu. Kwenye karamu nilikaa kidogo mwisho wa benchi, kisha nikaenda nyumbani.

Jumapili, 21 Machi

Nimekwenda misa ya kwanza, nimekaa nyuma. Mkono wa amani nimepewa na wawili: Padri Kalisto, na mama mmoja mgeni.

Saa sita hivi, mvua nyembamba ikinyesha, Jelasi alipita barabarani mbele ya nyumba yetu. Alikuwa na jembe begani. Enelesi alikuwa pembeni yake amebeba msalaba mpya wa mbao, wenye jina la Magileta. Walikuwa wanaelekea makaburini. Hawakuwa wanazungumza. Walitembea sambamba, na walipofika kwenye dimbwi Jelasi alisimama akampisha apite kwanza.

Niliinuka kitini.

"Kaa," Felesta alisema.

Alivaa viatu, akachukua mwavuli, akatoka akawafuata. Mimi nilikaa.